Naomba ushauri: bawa linalotikisika, hewa inalituliza kiasi gani?

Assalam aleikum jamani. Niko Malindi. Nimeunda bawa dogo la ndege, nikalining'iniza kwa springi nne mbele ya feni. Nalivuta sentimita 2, naliachia, simu inarekodi. Feni ikizimwa, kila mpando hufika asilimia 95 ya uliotangulia. Ikiwashwa, 80 tu. Kwa logi asilia (ln) ya uwiano wa mpando na unaoufuata, kugawanya kwa 2π, napata kipimo cha jinsi mtikisiko unavyofifia: 0.008 feni ikizimwa na 0.036 ikiwashwa. Tofauti, 0.028, naihesabu kazi ya upepo.

Lakini feni ikizimwa hewa bado ipo, nayo inasugua! Nikitaka kujua msuguano wa springi peke yake, nifunge chuma chembamba chenye uzito uleule badala ya bawa? Nilijaribu pia ufukweni, ila kusi halina adabu, vipimo vikavurugika.