Naomba ushauri: Xeon ya mtumba au Core i5 mpya kwa kuhariri video?

Wakuu habari zenu. Nahariri video za harusi na send-off hapa Dar, na laptop yangu imenichosha. Juzi video ya dakika 40 ilikuwa inatoa faili usiku kucha, asubuhi nikaikuta imegandia asilimia 91 na bi harusi anapiga simu.

Nimepata machaguo mawili Kariakoo. La kwanza ni HP Z440 ya mtumba, kompyuta ya mezani yenye Xeon E5-2680 v4 (prosesa ya Intel ya seva na kazi nzito), kori 14, thredi 28 (kazi 28 kwa mpigo), RAM ya ECC (inayojisahihisha makosa) GB 64. La pili nijenge mashine yenye Core i5-12400, kori 6 tu, RAM GB 16. Bei zinakaribiana.

Kori 14 zinanivuta, sikatai. Ila Xeon hiyo ni ya 2016, inaishia 3.3 GHz wakati i5 inafika 4.4, na haipo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Halafu inakula wati 120, na LUKU nalipa mwenyewe. Kinachonichanganya zaidi ni Quick Sync (sehemu ya prosesa za Intel inayoharakisha kusoma na kutoa video): i5 inayo ndani, Xeon haina, na kamera zangu zote zinarekodi H.264, aina ya video ambayo Quick Sync inaisaidia. Kadi ya grafiki niliyonayo ni GTX 1050 Ti, nitaihamishia kwenye mashine yoyote nitakayochukua.

Kuna aliyehariri kwa Xeon za namna hii? Taimlaini inateleza au inakwama? Na GB 16 zitanitosha kwa kuanzia? Muuzaji ananisubiri hadi Jumamosi.