Maazimio ya kazi hayafiki mwisho wa muhula: wenzangu mnaupangaje mwaka?

Mwalimu wa Gredi ya 4, Kayole:

Walimu wenzangu, hamjambo. Ninafundisha Gredi ya 4 katika shule ya umma hapa Kayole, Nairobi, na darasa langu lina wanafunzi 63. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Kila Januari huwa na maazimio ya kazi (mpango wa masomo wa wiki kwa wiki) yaliyochapishwa vizuri na kutiwa sahihi, lakini ikifika Juni, rekodi ya kazi, ninamoandika nilichofundisha, inasema jambo moja na maazimio yanasema jingine. Katika muhula wa pili wa 2025 nilifunga shule nikiwa na mada mbili za Kiswahili ambazo sikuzigusa, na hata katika zile nilizofundisha, sarufi ndiyo iliyoachwa nyuma zaidi. Wanafunzi wangu wanasoma kifungu bila shida, kisha wanaandika «kitabu zangu», na jambo hilo linaniuma kwa sababu ninajua ni vipindi vyangu vilivyopotea, si akili zao. Je, mnapangaje ili mwaka usiwakatikie njiani?

Mwalimu wa Gredi ya 5, Eastleigh:

Mwalimu, kabla ya kubadilisha chochote, weka mezani kalenda ya mihula ya Wizara ya Elimu na ratiba ya darasa lako, kisha uhesabu vipindi ulivyo navyo kweli. Tuuchukue muhula huohuo. Ulikuwa na wiki 14, na kwa kuwa Kiswahili kina vipindi vinne kwa wiki katika gredi zetu, kwenye karatasi ulikuwa na vipindi 56. Tuseme unafundisha Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi ya tarehe 1 Mei ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi. Sikukuu ya Madaraka iliangukia Jumapili, kwa hivyo mapumziko yakasogea hadi Jumatatu, tarehe 2 Juni. Ijumaa, tarehe 6 Juni, ikawa Idi. Na tarehe 26 na 27 Juni zikaenda na likizo fupi ya katikati ya muhula. Hivyo ni vitano. Ondoa vinne vya wiki ya mwisho, ambayo huliwa na tathmini na shughuli za kufunga shule, na viwili vya siku za kufungua, wakati ambapo wanafunzi wengi bado hawajarudi kutoka mashambani. Unabaki na 45. Aliyepanga mada za vipindi 56 amekwisha kupoteza karibu wiki tatu kabla hajashika chaki, na maazimio mengi yanayouzwa mtandaoni yamepangwa hivyo.

Kuhusu sarufi, itazame ratiba yako. Kila mada ya Kiswahili hupitia kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika, na mwisho sarufi, kwa hivyo wengi wetu huipa sarufi kipindi cha mwisho cha wiki, ambacho ni Ijumaa. Sasa hesabu Ijumaa zako: Idi, likizo fupi, siku ya kufunga, kisha michezo na mazoezi ya tamasha za muziki. Mimi niliacha kuifunga stadi kwenye siku. Somo lililokosa kufundishwa Ijumaa ndilo linalofunguliwa Jumatatu, na mzunguko unaendelea kutoka hapo.

Naibu mwalimu mkuu, Kasarani:

Ninaunga mkono hesabu hiyo, na ningependa kuongeza neno kuhusu sahihi, kwa sababu naona walimu vijana wanaiogopa. Maazimio yaliyotiwa sahihi si hati ya kiapo. Yana safu ya maoni, na safu hiyo iliwekwa ili uandike kwamba kipindi fulani hakikufundishwa, kwa sababu gani, na kimehamishiwa wiki gani. Ninapokagua hati za walimu kwa ajili ya TPAD, yaani tathmini ya utendakazi wa walimu, rekodi ya kazi inayolingana na maazimio kwa kila neno hunitia wasiwasi kuliko ile yenye marekebisho ya kalamu, kwa kuwa hakuna muhula wa Nairobi unaokwenda hivyo. Mnakumbuka mwaka wa 2024, mafuriko yaliposukuma ufunguzi wa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei.

Mwalimu wa Gredi ya 2, Kawangware:

Hesabu ni nzuri, lakini nina tahadhari moja. Sisi wa gredi za chini tunafundisha karibu kila kitu katika darasa moja, vipindi vya dakika 30, na nilipojaribu kuhamisha kila somo lililopotea, mwezi wa pili nilikuwa ninakimbizana na madeni yasiyoisha. Nilijifunza kuuliza kwanza ni somo lipi linalobeba jingine. Mtoto asiyetambua umoja na wingi wa jina hataweza kupatanisha kivumishi nalo, kwa hivyo hilo halirukwi kamwe. Lakini zoezi la tatu la kuandika kuhusu mada ileile linaweza kuunganishwa na kusoma. Sehemu ya tafakari iliyo chini ya andalio la somo ndiyo inayonisaidia kuamua. Huiandika palepale, kabla kengele ya mapumziko haijalia, kwa sentensi moja tu: «Kundi la dirishani bado wanasema viti hizi.»

Mwalimu wa Gredi ya 4, Kayole:

Nimeketi jioni hii na ratiba yangu, na ni kweli: sarufi iko Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, katika mihula yote mitatu. Sikuwahi kuliona hilo. Muhula wa tatu una wiki tisa, yaani vipindi 36 kwenye karatasi, na nikiondoa Siku ya Mazingira ya tarehe 10 Oktoba, siku za kufungua na wiki ya mwisho, sitaahidi zaidi ya 29. Mbili kati ya mada zilizopangwa nitazifundisha kwa pamoja kwa sababu sarufi yake inakaribiana, na kesho nitamwomba mwalimu mkuu anipe kipindi cha Jumanne asubuhi badala ya kile cha Ijumaa.