"Bibi yangu alikuwa anachemsha hii bila masta" – leo yule mzee amenifika shingoni

Wakuu, ndiyo kwanza natoka semina, mikono inatetemeka, makosa ya kuandika mnivumilie. Mnamjua. Yule wa miwani utosini, anayenyoosha mkono kuuliza slaidi ya kwanza haijafunguka.

Miezi 14 niko na majani ya mwarobaini. Nimeanika kivulini, nimetwanga, nimeloweka kwenye methanoli siku tatu tatu, nimechuja, nimevukiza, mpaka gauni la harusi ya dada linanuka uchungu. Mti watu wanasema unatibu magonjwa 40, mimi nahangaika na bakteria mmoja kwenye kisahani, tena mkaidi.

Leo nikainua kichupa. Mzee akakiomba. Akakinusa. AKAKINUSA! "Binti, bibi yangu alikuwa anachemsha hii bila masta." Ukumbi ukaanguka kicheko. Hadi supavaiza wangu, na jina lake limo kwenye slaidi!

Kuchemsha! Tu Youyou, mtafiti wa kule China, alipohangaika na mmea wa artemisia kusaka dawa ya malaria, alishuku moto ndio unaoharibu dawa. Akahamia etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 35 tu. 1971 ikajibu, 2015 akabeba Nobel. Mimi nikajibu nini? "Asante kwa maoni mazuri." Kichupa bado anacho yeye. Bila masta!!!

Chungu Kibovu: Kwanza tuambie, bibi yake alipona?

Kaka wa Tandika: Ulilia palepale au ulifika chooni?

Mleta uzi: Chooni. Na siyo hoja.

Chungu Kibovu: Bibi hajajibiwa bado.

Sumu ya Nyigu: Unadeka. Kwetu mashine ya kuvukiza imekufa tangu Krismasi, kipuri eti kiko njiani. Navukiza kwa beseni na feni.

Kaka wa Tandika: Methanoli kwa feni, chumba kimefungwa? Ndiyo maana unaandika hivyo.

Mama Pili: Hayo yote tisa. 2011 nilikwenda Loliondo kwenye kikombe cha Babu. Kikombe shilingi 500, foleni siku tatu, nalala garini na kuku wa watu. Sukari iko palepale. Nauli yangu atarudisha nani?

Mleta uzi: Mama, uzi huu ni wa mwarobaini.

Sumu ya Nyigu: Mama Pili, mlipitia Mto wa Mbu? Sisi dereva alitushusha porini usiku, akasema anakwenda kutafuta dizeli.

Mama Pili: Haisi nyeupe? Kofia ya Yanga?

Sumu ya Nyigu: HUYOHUYO!