Ana cheti cha kuzaliwa, ana barua ya chifu, kura hana! Hii usajili wa huku Busia imetuchosha

Wasee wa huku mpakani niambieni kama ni kwetu tu. Msichana wa dada yangu alifika 18 mwaka jana, akaenda kuomba ID na kila kitu: cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, fotokopi za ID za mama na baba. Kufika ofisini akaambiwa alete ID ya babu. Babu alizikwa kitambo sana! Kisa tunaishi karibu na Uganda, basi kila mtoto ni Mganda hadi aonyeshe ukoo mzima. Tumehangaika wee, saa hii ako na kile kikaratasi cha kusubiri tu, na ukienda nacho kwa karani wa kura anakurudisha kwa sababu sheria inataka ID ama pasipoti. Karani simlaumu, kosa liko kwa hiyo mlango ya kwanza.

Halafu redioni kila siku ni vijana wajitokeze, vijana ni wavivu. Wajitokeze na nini??

Katiba ya Kenya Kifungu cha 83 inasema wazi mipango ya usajili iwe ya kumrahisishia raia, sio kumnyima. Huku mzigo wote umewekewa raia, yeye ndio atafute chifu, atafute nauli, atafute karani.

Na si lazima iwe hivi. Ujerumani ukihamia mahali unajiandikisha kama mkaaji, ikifika uchaguzi jina lako liko tayari, barua unaletewa nyumbani. Sweden ni hivyo hivyo. India na wingi wa watu wao, kuna maafisa wanatembea nyumba kwa nyumba. Australia kujiandikisha ni lazima tangu 1911 na kupiga kura tangu 1924, ukikosa bila sababu faini dola 20. Faini siitaki hapa, watu wamelipishwa vya kutosha, lakini angalau huko serikali inajua kazi yake ni kukutafuta. Marekani majimbo mengi ndio yanafanana na sisi, mtu ajipeleke, ingawa mengine siku hizi yanaandikisha watu moja kwa moja na North Dakota hakuna kujiandikisha kabisa. Kwa hayo ya kujipeleka wanaoachwa nje ni wale wale, vijana na watu wa kuhamahama nyumba za kukodi.

Msiniambie tukifanya rahisi wataingia wafu. Tume ya Kriegler 2008, ile iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilipata rejista ilikuwa na wafu kama milioni 1.2, na hiyo ni ya watu kujipeleka wenyewe! Yaani marehemu anabaki kwa rejista na mtoto mzima wa 19 anakosa. Na 2022 tofauti ya urais ilikuwa kura 233,211 peke yake, kwa hivyo asiniambie mtu hawa wachache hawabadilishi kitu.

Ninachotaka ni kimoja. Siku unachukuliwa alama za vidole za ID, zipelekwe hizo hizo kwa rejista ya kura, ID ikitoka na kura imetoka. Vidole ni vile vile, kwa nini mtu apange laini mara mbili? Wabunge wetu wa magharibi wanaweza kuleta huo mswada hata kesho wakitaka.

Walio Malaba, Lwakhakha, Mlima Elgon, andikeni hapa mliitishwa karatasi gani na mlingoja muda gani. Tukusanye, tuwapelekee kabla ya 2027.