Nyumba ya jirani imekuwa ya watalii, mama hana faragha. Nianzie wapi?

BintiKiponda: Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunakaa Kiponda, Mji Mkongwe, nyumba ya marehemu babu. Nyumba ya pili tunashirikiana nayo kiambaza. Mwenyewe tumekua naye, sasa yuko Maskati, na tangu mwaka jana anaikodisha kwa watalii, siku mbili, siku tatu. Msimamizi si wa mtaani, anatoa funguo na kuondoka.

Masanduku yao yakiburutwa uchochoroni saa nane usiku nimeyazoea. Taka zao nazoa mwenyewe. Kilichonishinda ni darini. Wameweka viti na meza, na anayekaa pale anauona ua wetu wote. Mama ana miaka 70, hawezi kuvua mtandio akapunga upepo nyumbani kwake. Kuanika nguo ni kwa kuvizia. Na nyumba hizi wazee waliziwekea ua wa ndani makusudi, watu wasitiriwe! Sitaki kukosana na jirani. Nifanyeje?

MzeeForodhani: Mwanangu, anza na mwenyewe. Mpigie, usimwandikie. Mwambie habari ya mama, kwani mama yako ni mama yake.

DariniMalindi: Sisi tulipitia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, akamwita msimamizi tukaandikiana: darini mwisho saa nne usiku, taka zina mtu wake, na namba ya mtu aliye karibu imebandikwa mlangoni. Tumepumua. Ikishindikana, uliza vibali. Kujenga au kubadilisha kitu Mji Mkongwe kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na kulaza watalii kunataka leseni ya Kamisheni ya Utalii.

NyumbaShangani: Mie ni mkodishaji, nami niseme. Nyumba ya mawe na boriti za mikoko inakula pesa, masika moja tu chokaa inabanduka. Bila wageni yangu ingekuwa gofu. Lakini sitara ya jirani ni haki yake. Nimezungushia dari ukingo wa mbao wa kimo cha mtu, kazi ya siku mbili. Gharama ni ya anayepata kodi, dada, usikubali kuchangia.

MtuWaNewYork: Huku tangu Septemba 2023, kukodisha chini ya siku 30 lazima mwenyeji ajisajili, awepo mwenyewe, na wageni wasizidi wawili. Barcelona walitangaza 2024 kwamba leseni zao 10,101 za nyumba za watalii hazitahuishwa, mwisho Novemba 2028. Wamestuka kodi zikiwa zimeshawashinda wenyeji. Nyinyi hesabuni sasa: uchochoro wenu umebakiwa na familia ngapi? Mkienda kwa sheha, nendeni wengi.

BintiKiponda: Nimetoka kuhesabu. Nyumba tisa, nne za wageni. Sikuwahi kukaa nikazihesabu, nimeumia. Nitampigia leo baada ya Magharibi, Maskati wako mbele saa moja tu, hatakuwa amelala. NyumbaShangani, nakuomba uniandikie pembeni namba ya huyo fundi wa ukingo.