Watu wazima Mbeya na Iringa, acheni kuandika kitoto kwenye magrupu ya wazazi na ya biashara

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitapunguza ukali.

Mtu na ndevu zake, mama ana mtoto darasa la tatu, anaandika "chacha jamani, nimechoka chana". "Thamahani." "Xaxa." Yaani sasa, sana, samahani. Mkiandikiana wapenzi wawili hayo ni yenu. Nasema grupu la wazazi wa chekechea, la wauza viazi Uyole, la mchele Mwanjelwa.

Kwanza, simsemi anayeandika "kalibu". Kinyakyusa hakina r, na mtu aliyekulia Tukuyu anaandika anavyotamka. Huyo anaelekezwa kwa heshima. Nawasema mnaojua "sasa" inavyoandikwa na mnaiharibu kwa makusudi.

Ukigeuza s kuwa ch, "mtoto amesoma" inakuwa "amechoma". Ukigeuza kuwa th, "samani" inakuwa "thamani", na mteja wa Makambako anayetafuta "samani" kwenye grupu halioni tangazo lako la vitanda, maana simu inatafuta herufi ulizoandika, haitafuti ulichokusudia. Na asiyeona, ambaye simu inamsomea ujumbe kwa sauti, "xaxa" ataisikia kama takataka. X na q hazimo hata kwenye alfabeti ya Kiswahili!

Kinachonikera zaidi ni maelekezo ya dawa. Dada wa kazi anatumiwa "mpe dawa kijiko kimoja taa tita". Saa sita? Ya mchana au ya usiku? Kijiko kipi? Andika, kwa mfano: ml 5, mara 3 kwa siku, kila baada ya saa 8, tumia kipimo kilichokuja na chupa. Hapo hapana nafasi ya deko.

Halafu mnasingizia watoto, eti mnaongea kama wao ili wawaelewe. Mtoto wa miaka miwili akisema "tuku" badala ya kuku hana kosa: k inatengenezwa nyuma ya kinywa, t mbele, na ulimi wake bado unakimbilia mbele. R inataka ncha ya ulimi itetemeke, ndiyo maana inachelewa kuliko m, b na p. Kinachomvusha ni kusikia neno sahihi mara nyingi. Akisema "tuku", usimcheke, usimlazimishe kurudia, na usimjibu "tuku yuko wapi?" Mjibu: "Eeh, kuku. Kuku anakula mahindi." Neno limeshaingia sikioni mara mbili bila ugomvi. Sauti nyororo, kuvuta irabu, kuongea polepole, vyote ruksa na vinamsaidia. Ila neno libaki zima. Akifika miaka minne hivi na watu wa nje hawamwelewi, mpelekeni hospitali, na masikio yapimwe kwanza.

Wala sikatai maneno ya kitoto yaliyomo kwenye lugha yenyewe. "Kusimama dede" na "nyonyo" ni Kiswahili, bibi zetu wametulea nayo.

Darasa la kwanza mwalimu anahangaika na KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu): sa se si so su, kisha cha che chi cho chu, silabi tofauti kabisa. Jioni mtoto anashika simu ya mama anakuta "chacha" ndiyo "sasa". Kesho anaandika hivyo kwenye daftari, anapigwa mkasi. Nani kamfelisha?

Na kibodi inajifunza ujinga wenu. Ukishazoea "chana", itakuletea "chana" hata unapomwandikia mwalimu mkuu. Kwenye Gboard, kibodi ya Google ya simu za Android, neno likitokea juu kama pendekezo, lishikilie, liburute kwenye alama ya kufuta. Fanyeni leo.

Maadmini, tangazo lenye bei, saa, dozi au jina la mtoto likiandikwa kitoto, lifuteni, mwenyewe aandike upya. Akirudia, atolewe.