Helsinki–Tokyo: kikokotoo kinasema km 7,826, tiketi inasema saa 13

Mpanga_Safari: Wakuu, nimeingiza viwanja vya Helsinki-Vantaa na Narita (Tokyo) kwenye kikokotoo cha umbali, kikaleta km 7,826 na muda wa saa 9 na dakika 20 hivi. Tiketi inasema saa 13 bila kutua popote. Kikokotoo kibovu, au?

Nyuzi360: Umbali uko sahihi. Kikokotoo huchukua latitudo na longitudo za viwanja (60.3 Kaskazini, 25.0 Mashariki, 35.8 Kaskazini, 140.4 Mashariki) na kutafuta njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Pembe yake kwenye kitovu cha Dunia ni nyuzi 70.4, na kila uzi ni km 111.2. Ukikokotoa mwenyewe, geuza nyuzi kuwa radiani (kipimo kingine cha pembe) kwanza, na longitudo ya Magharibi iwe hasi. Hapo ndipo wengi huharibu. Angalia na vipimo: maili ya baharini ni km 1.852, ya nchi kavu 1.609.

Muda nao ni umbali kugawanya kwa 900, yaani mwendo wa ndege wa km 900 kwa saa, kisha ongeza kama dakika 40 za kujongea uwanjani, kupanda na kushuka.

Rada: Hesabu safi, ila njia hiyo fupi inapita Urusi karibu yote. Tangu Februari 2022 anga hiyo imefungwa kwa mashirika ya Umoja wa Ulaya, Finnair (shirika la Ufini) wakiwemo, na kabla ya hapo safari ilikuwa saa 9 na nusu hivi. Sasa ndege huzunguka: ama kaskazini kupitia Ncha ya Kaskazini na kando ya Alaska, ama kusini kupitia Uturuki, Kaukasi, Kazakhstan na China. Zote mbili ni ndefu zaidi kwa maelfu ya kilomita. Ndipo zinapotoka zile saa 13.

Njia ya ncha ina mambo yake. Mafuta ya ndege ya Jet A-1 huganda nyuzi 47 chini ya sifuri, kwa hiyo marubani hufuatilia joto la tangi. Likishuka mno hushuka kwenye hewa yenye joto kidogo au huongeza mwendo.

Mpanga_Safari: Shukrani. Kurudi ni muda uleule?

Rada: Usitegemee. Mikondo ya upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ikiwa mikali hupita km 150 kwa saa. Kwenda Tokyo kwa kusini unasukumwa. Kurudi kwa njia hiyo unapigana nayo, ndiyo maana ile ya ncha huvutia zaidi wakati wa kurudi. Mpango hupangwa upya kila siku kwa utabiri wa upepo.

Nyuzi360: Halafu saa za tiketi ni za mahali husika. Japani haibadilishi saa, Ufini hubadilisha: tofauti ni saa 6 kiangazi, 7 majira ya baridi. Ukiondoka 17:45 mwezi Julai, saa 13 angani, unatua 12:45 kesho yake. Januari ingekuwa 13:45.